Mikanda ya Lidka

Katika bonde letu lote hakuna mwanamke anayejua kufunga mtoto mchanga kama mimi. Mtoto niliyemfunga mimi alilala amenyooka kama mshumaa wa kanisani, hageuki wala hatikisiki, na ungeweza kumsimamisha kwenye kona kama ufagio. Nimefunga watoto wawili. Mmoja alikuwa wa dada yangu, akafunguka kabla sijamaliza kujisifu. Mwingine alikuwa mdoli.

Basi nisijifanye. Bingwa wa kweli alikuwa Rozalie Zborilova, jirani yangu, na habari hii ni ya nyumba yake. Sehemu yake niliiona mwenyewe kupitia uzio. Ile ambayo sikuiona nilisimuliwa na watu watatu, kila mmoja akiwalaumu wale wawili wengine, kwa hiyo naamini nimeipata yote.

Kufunga mtoto kwetu kulikuwa hivi: analazwa juu ya mto mwembamba wa manyoya ya bata bukini, miguu inanyooshwa, magoti yanabanwa pamoja, kisha anazungushiwa ukanda mrefu wa kitambaa uliotariziwa, ambao mama wa ubatizo ndiye huuleta. Ukimaliza, kinachoonekana ni uso tu. Mtoto asiyefungwa hivyo, watu walisema, atakua na miguu iliyopinda kama koleo la mhunzi. Tulifunga hivyo tangu enzi za bibi zetu, na katika kila benchi la kanisa kulikuwa na mwanamke mmoja au wawili wanaochechemea. Hakuna aliyeshangaa. Tulisema ni kwa sababu ya milima.

Mwaka 1956, mwezi wa pili, theluji ikiwa bado inafika magotini, Vlasta alipanda basi la asubuhi kwenda mjini na binti yake Lidka, mwenye umri wa miezi mitatu. Vlasta alikuwa mke wa Metod, na Metod alikuwa mwana wa Rozalie. Muuguzi anayezunguka vijijini ndiye aliyeona kwamba mikunjo ya mapaja ya Lidka hailingani, akamwandikia karatasi ya kwenda kliniki ya mifupa.

Daktari Hanak alikuwa mtu mwembamba mwenye mikono baridi. Alimlaza Lidka mezani, akamkunja magoti, akayatanua polepole, na mahali fulani ndani ya mtoto pakalia *tak*.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hiyo ni nyonga ya kushoto. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kukaa ndani ya kikombe chake. Cha huyu kiko nje."

"Atatembea, Daktari?"

"Kutembea atatembea. Swali ni atatembeaje."

Vlasta hakuuliza zaidi, maana alikuwa na wifi anayechechemea, na jibu alikuwa akiliona kila Jumapili.

Daktari alitoa mikanda: mmoja wa kifuani, miwili ya mabegani inayopishana mgongoni, na mingine inayoshuka mpaka kwenye nyayo. Alipomaliza kumfunga, Lidka alikuwa amekunja magoti na kuyatanua kama chura, akipiga mateke hewani kwa furaha.

"Zamani," daktari alisema akiwa anaosha mikono, "mfupa tuliuvuta kwa nguvu, mtoto akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kisha tukamtia kwenye plasta ngumu kama ukuta kwa miezi. Mfupa uliingia, lakini mara nyingi kichwa chake kilifia humo humo. Sasa tunajua mtoto akiachiwa apige mateke huku magoti yamekunjwa, anaurudisha mwenyewe, kidogo kidogo. Mikanda hii imebuniwa hapa hapa Moravia. Lakini haifunguliwi. Si kwa kuoga, si kwa kubadili nepi, si kwa kanisa. Hata akija askofu."

"Askofu haji kwetu, Daktari."

"Basi hata akija katibu wa chama."

Nyumbani, Rozalie alifunua blanketi, akatazama, akalifunika tena haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo chenye mtu.

"Nani kamfanya hivi mtoto?"

"Daktari, Mama."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa palepale."

"Ulikuwa palepale, ukatazama." Rozalie aliketi. "Msichana kakaa kama chura anayeuzwa sokoni!"

"Vyura hawauzwi sokoni, Mama," alisema Metod.

"Wewe kunywa supu yako."

Metod akanywa supu yake. Alikuwa mtu mkubwa, kazi yake kwenye kiwanda cha mbao, angeweza kubeba gogo begani peke yake. Lakini wanawake wawili wakianza kupandisha sauti jikoni, alikumbuka ghafla kwamba sungura wake hawajala. Sungura wa nyumba ile walikuwa wanene kuliko wote kijijini.

"Mama, ni tiba mpya," alisema Vlasta. "Haimuumizi. Tazama anavyocheka."

"Mpya." Rozalie alilitafuna lile neno. "Neno lilelile. Mwaka wa ishirini na nne waliniambia vilevile. 'Mama, hii ni tiba mpya, una bahati.'"

Sasa lilikuwa limetajwa jambo ambalo katika nyumba ile halikutajwa. Bohumila, binti mkubwa wa Rozalie, alipelekwa hospitali kubwa akiwa na miaka miwili. Walimvuta mguu, wakamtia kwenye plasta miguu imetanuliwa, miezi tisa. Madaktari walimwita Rozalie kumwonyesha picha, wamefurahi kama wamejenga daraja. Plasta ilipotolewa, mfupa ulikuwa umekufa. Sasa Bohumila alikuwa na miaka thelathini na minne, akitembea kwa kuyumba kama anayebeba ndoo mkono mmoja, akishona nguo za harusi za wasichana wengine.

"Bohumila alizaliwa na nyonga mbovu vilevile, Mama," alisema Vlasta kwa upole.

"Alizaliwa na miguu mizuri. Nilimfunga mwenyewe."

Ng'ombe wa ushirika hawangoji. Vlasta alikuwa zizini kuanzia alfajiri mpaka saa sita, akarudi, akala, akaenda tena jioni. Muda wote huo mtoto alikaa na bibi yake. Kila aliporudi, mkono wake wa kwanza ulikwenda kwenye blanketi, na kila mara mikanda ilikuwa mahali pake, imekaa vizuri, vifungo vyote vya chuma vimefungwa.

Baada ya wiki sita alirudi kliniki. Alibeba mayai ishirini kwenye kikapu, yamefunikwa majani makavu, kwa ajili ya daktari. Kwenye korido kulikuwa na akina mama kama kumi na wanne, kila mmoja na mtoto wake mwenye magoti yaliyotanuka, na walitazamana kwa ile furaha ya watu walioumbuka pamoja. Mmoja alijisogeza akampisha.

Daktari Hanak alitazama picha ya eksirei, kisha akamtazama Lidka, kisha picha tena. Mlango alikuwa ameuacha wazi.

"Ndugu Zborilova," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye ngazi, "mikanda hii nilikupa umvalishe mtoto au uitundike ukutani kama picha ya harusi?"

"Ameivaa, Daktari. Usiku na mchana."

"Wiki sita! Nyonga iko palepale. Tazama hapa kifundoni: hii ni alama ya kitambaa kilichokazwa. Unamfunga miguu pamoja?"

"Sijamfunga."

"Basi amejifunga mwenyewe."

Koridoni mtu alicheka, akageuza kuwa kikohozi. Vlasta alihisi masikio yanawaka moto. Alitaka kusema kwamba yeye huamka wakati hata jogoo amelala, kwamba hana siku aliyomwosha mtoto wake mwenyewe, kwamba si yeye. Lakini kusema "si mimi" ni kusema "ni mama mkwe wangu", mbele ya wanawake kumi na wanne, ambao wote walikuwa na mama wakwe na ndimi.

"Nakupa wiki nne," alisema daktari. "Zaidi ya hapo mfupa unakomaa ukiwa nje, na mikanda haitafaa kitu."

Vlasta alimpa Muuguzi Kveta wa kliniki yale mayai. Kveta, mwanamke mpana asiyependa kupoteza muda, aliyarudisha kikapuni.

"Peleka nyumbani. Hapa hatupokei."

"Ni ya kuku wangu tu."

"Nimesema hatupokei. Kula wewe, unaonekana unahitaji."

Ndani ya basi, kwenye kona ya daraja, mayai sita yalivunjika.

"Mimi?" alisema Rozalie. "Mimi niiguse ile lijamu ya farasi? Hata sijui inaanzia wapi!"

"Daktari ameona alama, Mama. Alama ya ukanda."

"Daktari ameona soksi. Ulimvalisha soksi za Bohumila alizofuma, zinabana."

"Mama, niambie ukweli tu. Sitakasirika."

"Umeshakasirika. Tazama unavyonitolea macho. Metod! Mkeo ananiita mwongo ndani ya nyumba niliyojenga na baba yako!"

Metod alisimama mlangoni, ana majani ya sungura mkononi. Alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akatazama majani.

"Si mngezungumza vizuri," alisema, akatoka.

Kesho yake, kabla ya kwenda zizini, Vlasta alichukua uzi wa bluu, akaufunga kwenye kifungo cha kifuani kwa fundo alilofundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa akifunga mizigo kwenye magari ya farasi. Fundo hilo halifunguki ila ukate. Saa sita alirudi mbio, hajavua hata buti. Uzi ulikuwa pale. Fundo lilikuwa lilelile. Akafanya hivyo siku tano, na siku tano uzi ulikuwa mahali pake.

Siku ya sita alimwomba mama mkwe wake msamaha. Alifanya hivyo jikoni, amesimama, mikono ndani ya aproni, na Rozalie alimwacha amalize maneno yote, mpaka la mwisho.

"Sina kinyongo, mwanangu," alisema Rozalie. "Wewe ni kijana. Nenda kapumzike, nitakubebea maji."

Na alimbebea kweli. Mimi nilimwona akipita na ndoo mbili, na uso wa mtu aliyeumwa na jino. Wakati huo nilidhani ni baridi.

Vlasta alikwenda kwa Bohumila, chumba kimoja juu ya duka la mkate, kimejaa vitambaa vyeupe.

"Wifi, nisaidie. Siko sawa na akili yangu. Nyonga haiingii, na mama anasema hagusi, na naona kweli hagusi."

Bohumila alikuwa na pini mdomoni. Alizitoa moja moja.

"Wewe unajua mimi nakumbuka nini? Si maumivu. Nakumbuka mama alikuja Jumapili, saa moja tu, wakamsimamisha nyuma ya kioo. Aliongea, nikaona mdomo unacheza, sauti sisikii. Nikadhani ameniuza." Alichomeka pini kwenye mto wake. "Ningevaa mikanda ya ngozi ya nguruwe mwaka mzima, wifi, ili kile kioo kisiwepo."

"Basi mwambie hivyo."

"Nimwambie yeye?" Bohumila alicheka. "Tangu nina miaka miwili tunazungumzia kabichi tu."

Lakini Jumapili alikuja. Alipanda kilima kile kwa mguu wake, akaketi mezani, mama yake akamwekea supu ya kabichi chachu, kipande cha nyama kikubwa kuliko cha Metod. Vlasta alimkanyaga mguu chini ya meza. Bohumila alifungua mdomo.

"Kabichi ya mwaka huu imekuwa chachu sana," alisema.

"Mvua," alisema Rozalie. "Mvua ilizidi."

Metod akaenda kwa sungura. Vlasta akatoka nje, akalipiga pipa la maji teke moja ambalo nililisikia nikiwa kitandani kwangu nimelala usingizi wa mchana.

Wiki ya nne ilipotimia, ilikuja barua: mtu anayekaa na mtoto mchana afike naye. Rozalie alivaa sketi yake nyeusi ya kanisani na kitambaa cha kichwa kilichopigwa wanga mpaka kikasimama. Ndani ya basi alikaa kando ya Vlasta, mtoto mapajani.

Kliniki ilijaa vilevile, na mlango uliachwa wazi vilevile. Kwenye benchi la mbele alikaa mama mmoja wa kijiji cha pili, aliyemfahamu Rozalie tangu wakiwa wasichana. Akamwamkia kwa kichwa.

"Bibi," alisema Daktari Hanak, "ni wewe unayekaa na mtoto?"

"Ni mimi."

"Umewahi kufungua hii mikanda?"

"Kamwe."

"Hata kidogo? Kumwosha, kumnyoosha?"

"Daktari, mimi nimesoma mpaka darasa la nne. Hizo kamba zinataka mhandisi."

Daktari alivua miwani. "Ziko nchi, bibi, mama anambeba mtoto mgongoni, miguu imetanuka huku na huku, na ugonjwa huu ni nadra kuuona. Sisi tunawanyoosha kama kuni, halafu tunashangaa."

"Kama huko hawaumwi, wana raha. Sisi hapa tuna baridi."

Koridoni walicheka, na Rozalie alijisikia vizuri kidogo. Daktari hakucheka. Alinyanyua picha ya eksirei dhidi ya dirisha, akaishusha.

"Sawa. Nakuamini."

Vlasta alishusha pumzi. Daktari akavuta karatasi ya manjano.

"Kama mikanda imekaa wiki kumi, usiku na mchana, na nyonga bado iko nje, basi kwa mtoto huyu mikanda imeshindwa. Wachache huwa hivyo. Kinachobaki ni plasta. Atalazwa, tutaingiza mfupa, atakaa humo miezi sita, labda tisa. Mama atamwona Jumapili."

Rozalie alishika ukingo wa meza.

"Lakini ulisema plasta inaua mfupa," alisema Vlasta. "Wewe mwenyewe ulisema!"

"Nilisema mara nyingi inaua. Ndiyo maana sikuanza nayo. Ingekuwa mikanda ilikuwa ikifunguliwa, hiyo ni habari nyingine. Hapo haijashindwa, haijajaribiwa. Ningempa wiki nyingine sita. Lakini bibi yake anasema haikuguswa."

Vlasta aligeuka. Alikuwa ameomba msamaha kwa sababu ya uzi wa bluu, uliolinda kifungo cha kifuani tu na si vya miguuni, na sasa alijilaumu kwa kukosa kuushuku zaidi.

"Mama," alisema polepole. "Mama, nakuomba. Sema."

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema uliifungua. Hata kama hukuifungua!"

Yule mama wa kijiji cha pili alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja ili asipitwe. Rozalie alimwona. Aliona pia karatasi ya manjano, na kalamu ya daktari inayoandika *Ludmila*, jina la Lidka la ubatizo, inayoandika *miezi mitano*. Miezi tisa, kioo, Jumapili. Miaka thelathini na miwili amekaa akikizuia kitu kile kisirudi nyumbani kwake, na sasa kinaingia kwa mlango aliouacha wazi yeye. Neno moja tu lingetosha. Lakini lingemgeuza kuwa mwanamke aliyeapa uongo mbele ya daktari, na kabla ya chakula cha jioni lingekuwa limefika kwenye mabonde matatu.

"Kamwe," alisema, kwa sauti iliyoshuka.

"Kitanda kitapatikana baada ya wiki mbili," alisema daktari, akiendelea kuandika. "Muuguzi Kveta, mpaka hapo mvalishe mikanda mikubwa, hiyo imembana."

Kveta alileta mikanda mipya, bado migumu. Alikuwa na wagonjwa ishirini nje na uvumilivu wa wanne. Alianza na miguu. Lidka akapiga teke, mkanda ukateleza, Kveta akaushika tena, akauingiza kwenye kifungo kisicho chake. Lidka alilia mpaka akawa mwekundu kama kiazisukari.

"Si hivyo," alisema Rozalie.

"Kaa chini, bibi."

"Unaanzia kifuani! Ukianza na miguu mabega yatamvuta, hawezi kupumua vizuri!"

"Bibi, nimesema kaa—"

"Nipishe!"

Na kabla Kveta hajajua kama amepisha au amesukumwa, Rozalie alikuwa ameiinamia meza ile. Mkanda wa kifua, vidole viwili ndani kupima nafasi. Mabega, kushoto, kulia, yamepishana mgongoni bila kumgeuza mtoto, kwa kumnyanyua tu kidogo kwa kiganja. Mguu wa kushoto, goti likakunjwa taratibu, mkanda wa mbele kwanza, wa nyuma uliolegea baadaye. Mguu wa kulia. Vifungo vililia *tik, tik, tik* kama mtu anayemenya njugu. Lidka alinyamaza, akamtazama bibi yake, akaanza kupiga mateke.

Kveta hakuwa amefunga mdomo. Vlasta alijiziba mdomo kwa mikono miwili, na mpaka leo hajaamua kama alikuwa anacheka au analia.

Daktari Hanak alitazama saa ya ukutani. Kisha akainama, akaingiza vidole vyake viwili kwenye mkanda wa kifua. Vilitosha sawasawa.

"Mimi mwenyewe hunichukua muda mara tatu ya huo," alisema. "Na kipimo cha vidole viwili sijamfundisha mtu yeyote katika familia yenu." Alifunika kalamu yake, akaikunja ile karatasi ya manjano mara mbili. "Bibi. Ulikuwa ukiifungua mara ngapi kwa siku?"

"Mimi?" alisema Rozalie, kidole gumba bado kiko juu ya kifungo cha mwisho. "Mimi leo ndiyo mara ya kwanza kuigusa."